Mbwa akifa kwa ugali, mwenye nyumba naye ajihadhari

SWALI la ni vyakula vipi vya binadamu ambavyo mbwa aweza kula bila kudhurika si la mzaha tena humu nchini. Zamani mbwa wa Kenya alikuwa mlinzi wa boma au msaidizi wa mchungaji, na chakula chake kilikuwa ukoko wa sufuria pamoja na mifupa iliyobaki mezani. Leo, katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, zipo familia zinazomhesabu mbwa kuwa mmoja wao, nazo humuuliza daktari wa mifugo iwapo anaweza kupewa embe, tikiti au kipande cha keki.

Ni swali zuri na majibu yake yanajulikana. Hata hivyo, tunaliuliza nusu. Tunauliza kuhusu matunda ambayo mbwa hula mara moja moja, na kunyamaza kuhusu ugali anaokula kila siku. Ni katika ugali huo, wala si katika embe, ambamo imejificha hatari kubwa ambayo mbwa huweza kuionja kwanza na mwenye nyumba akafuata.

Matunda na mabaki ya mezani

Tuanze na yaliyo mepesi. Matunda mengi yanayouzwa katika masoko yetu hayamdhuru mbwa akipewa kwa kiasi kidogo: tikiti maji lililotolewa mbegu na ganda, ndizi iliyomenywa, papai lisilo na mbegu, embe lisilo na kokwa, na tufaha lililotolewa mbegu. Kokwa la embe huondolewa kwa sababu mbwa akilimeza laweza kuziba utumbo. Mbegu za tufaha nazo zina kemikali ambayo zikitafunwa huzalisha sayanidi.

Karoti, malenge na viazi vitamu vilivyochemshwa, yai la kuchemsha na nyama ya kuku isiyo na mfupa pia havina neno. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa mifugo ni kwamba vitu vya aina hii visizidi sehemu moja kwa kumi ya mlo wa mbwa kwa siku.

Upande wa pili wa orodha ni wa kuogopwa. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuharibu figo za mbwa kwa muda wa siku chache. Kwa miaka mingi sababu haikujulikana, hadi mwaka wa 2021 ambapo wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani walieleza kwamba mshukiwa mkuu ni asidi ya tataliki iliyomo ndani ya tunda hilo. Msomaji wa Pwani atie maanani: asidi hiyo hiyo imejaa tele katika ukwaju.

Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huchelewa kuiondoa, ikamsumbua moyo na mishipa ya fahamu. Zailitoli, kitu kitamu kinachotiwa katika chingamu na peremende zisizo na sukari, huteremsha sukari katika damu ya mbwa kwa muda usiozidi saa moja, na aweza kuzirai au kufa. Makadamia, ambazo hulimwa kwa wingi katika kaunti zinazouzunguka Mlima Kenya, mara chache huua, lakini humlegeza mbwa miguu ya nyuma kwa siku moja au mbili. Unga uliotiwa hamira na ambao haujapikwa huumuka tumboni na kutoa pombe. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, ikamtoboa utumbo.

Kisha kuna kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Katika nyumba nyingi za Kenya hakuna mchuzi wala sukuma wiki isiyoanza kwa kitunguu. Basi yule anayemimina mchuzi uliobaki juu ya ugali wa mbwa akidhani anamfadhili, afikiri mara mbili.

Kinachotoka kwa mbwa hurudi kwa mtu

Kabla ya kuufikia ugali wenyewe, kuna mfano mmoja wa humu nchini unaoonyesha jinsi chakula cha mbwa kisivyokuwa jambo la mbwa peke yake.

Katika Turkana, kwa miaka mingi, mbwa walizoea kulishwa mapafu na maini mabichi ya mifugo waliochinjwa, yakiwa na malengelenge yaliyojaa maji. Malengelenge hayo ni makao ya tegu mdogo. Akiliwa, tegu huyo hukua katika utumbo wa mbwa, mayai yake yakatoka na kinyesi na kushika manyoya, vyombo na maji. Binadamu akiyameza, uvimbe humea katika ini au mapafu yake mwenyewe, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Eneo hilo lilipata kuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi duniani, hata shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo katika miaka ya 1980.

Dawa kwa mbwa na visu vya madaktari vilisaidia. Lakini mzizi wa fitina ulikuwa ile nyama mbichi aliyotupiwa mbwa machinjoni.

Fungu la tatu

Sasa tuufikie ugali. Orodha nyingi za vyakula salama kwa mbwa zimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako mbwa wengi hula chakula kikavu kutoka kiwandani. Huko suala la mabaki ni suala la vitamutamu. Hapa kwetu, mbwa wengi huishi kwa unga wa mahindi uliosongwa kwa maji, ukatiwa omena au matumbo mwenye mbwa anapojaliwa.

Na unga huo watoka wapi? Mazoea katika maboma mengi ni haya: mahindi yakishavunwa na kukaushwa, mama wa nyumba huyachambua. Yaliyo mazuri huwa fungu la watu. Yaliyovunjika au kubadilika rangi kidogo huwa fungu la kuku na ng'ombe. Yaliyoota ukungu, ambayo mtu akiyanusa hukunja uso, huwa fungu la tatu. Hili husagwa likawa unga wa mbwa. Hakuna anayeona ubaya, kwani kutupa nafaka ni kama kufuru katika nchi inayoijua njaa.

Ukungu huo, ambao wanasayansi huuita Aspergillus flavus, ndio unaozalisha sumu ya aflatoksini. Wenzetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Hupenda mahindi yaliyoteswa na ukame shambani, kisha yakahifadhiwa yangali na unyevu. Sumu yenyewe haina rangi wala harufu ya kuitambulisha. Moto wa jikoni hauimalizi. Kusaga hakuiondoi, bali huitawanya katika unga wote.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hii, nayo hushambulia ini. Isitoshe, mbwa hula chakula kile kile asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, kutoka gunia lile lile. Hana mboga za kubadilisha wala mwaliko wa jirani. Dalili zake ni kukataa chakula, kutapika, kulegea, macho na fizi kugeuka manjano, mkojo kuwa wa rangi nzito, na pengine kuhara damu. Wengine hufa kabla mwenyewe hajatambua kuna ugonjwa.

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Fungu la tatu halikutoka shamba jingine. Lilivunwa siku moja na fungu la kwanza, likaanikwa katika uwanja mmoja na kuwekwa katika ghala moja. Kuchambua kwa macho kunasaidia sana, na hakuna anayepaswa kuacha. Lakini punje iliyo safi machoni yaweza kuwa na sumu ndani. Mbwa akifa kwa ugali wa fungu la tatu, ni lazima mtu aulize kuhusu fungu la kwanza, ambalo watoto wake walilila usiku uo huo.

Dalili zilizopuuzwa

Historia ya sumu hii ni historia ya wanyama waliotangulia kufa. Katika miaka ya 1950, mbwa kusini mashariki mwa Marekani walikufa kwa ugonjwa wa ini ambao madaktari wa mifugo hawakuujua chanzo. Mwaka wa 1960, batamzinga wapatao 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa njugu karanga zilizosagwa kutoka Brazil. Hapo ndipo sumu ilipotambuliwa na kupewa jina, na ndipo pia ilipofahamika kilichowaua wale mbwa wa Marekani.

Humu nchini, mwaka wa 1977, mbwa na kuku walikufa kwa wingi katika maeneo ya Nairobi, Mombasa na Eldoret kutokana na sumu iyo hiyo. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1981, ilikuwa zamu ya watu. Wagonjwa 20 walilazwa hospitalini katika eneo la Machakos baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, na 12 kati yao wakafa.

Kisha ukaja mwaka wa 2004. Katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Wachunguzi walipochukua sampuli 350 za bidhaa za mahindi katika masoko 65 ya eneo hilo, asilimia 55 zilipatikana na sumu kupita kiwango cha mikrogramu 20 kwa kila kilo kilichokuwa kikikubaliwa wakati huo. Asilimia saba zilipita mikrogramu 1,000. Hayakuwa mahindi ya fungu la tatu. Yalikuwa mahindi ya kuuziwa watu.

Mwaka wa 2010 serikali ilitangaza kwamba magunia yapatayo milioni 2.3 ya mahindi hayafai kuliwa. Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja iyo hiyo, kisha baada ya siku chache ikaregeza kamba na kuweka masharti.

Katika matukio haya yote, ni nadra sana kusikia afisa akiuliza: mbwa na kuku wa eneo hili walikuwa na hali gani mwezi uliotangulia?

Wenzetu wanavyofanya

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia chakula cha mbwa wakati kuna Wakenya wanaolala njaa ni dharau. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini nchi ambazo zimekichukulia chakula cha mbwa kwa uzito zimeokoa watu pia, na zilizopuuza zimejuta.

Machi 2007, kampuni moja ya Canada iliondoa madukani zaidi ya pakiti milioni 60 za chakula cha mbwa na paka huko Amerika Kaskazini, baada ya wanyama kufa kwa maradhi ya figo. Uchunguzi ulionyesha kwamba viungo vilivyoagizwa kutoka China vilikuwa vimetiwa melamini, kemikali ya viwandani inayovifanya vionekane kuwa na protini nyingi. Mwaka uliofuata, 2008, kemikali iyo hiyo ilipatikana katika maziwa ya watoto nchini China. Watoto wachanga sita walikufa na karibu 300,000 wakaugua. Ulaghai ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa mlaji tu.

Tukirudi kwa aflatoksini, Marekani nayo haijasalimika. Mwaka wa 2005 zaidi ya mbwa 100 walikufa huko kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu. Mwishoni mwa 2020 mkasa ulijirudia, na kufikia Januari 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo (FDA) ilikuwa imepokea ripoti za vifo vya zaidi ya mbwa 110.

Idadi hizi zinajulikana kwa sababu mbwa mmoja akifa, daktari hupima, ripoti hufika kwa mamlaka, na chakula kikaondolewa. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba kiwango cha aflatoksini ambacho mamlaka hiyo huruhusu katika chakula cha mbwa ni kile kile cha chakula cha watu, yaani mikrogramu 20 kwa kila kilo.

Kenya ni kali zaidi kwa maandishi. Kiwango cha mahindi ya kuliwa na watu ni mikrogramu 10 kwa kila kilo. Tatizo letu ni kwamba kipimo hicho huwalenga hasa wenye viwanda wanaopakia unga kwenye mifuko yenye nembo. Mahindi yanayopelekwa kwenye kinu cha kijijini kwa debe, yakasagwa na kurudishwa nyumbani, hayapitii maabara yoyote. Familia nyingi za mashambani hula unga wa namna hiyo. Kipimo pekee kilichoko katika boma hilo ni kile kisichotarajiwa: afya ya mbwa, kuku na bata wake.

Linalowezekana

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti udhibiti wa maradhi ya mifugo, utoaji wa leseni za mbwa, na hata mahali pa kuzikia wanyama. Kwa hivyo hakuna sheria mpya inayohitajika ili vifo vya mbwa vianze kuhesabiwa.

Aidha, nchi yetu ina mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, ambao msingi wake ni chanjo kwa mbwa vijijini. Afisa ambaye tayari ana sindano mkononi anaweza kuuliza swali moja la ziada: je, kuna mbwa waliokufa bomani humu miezi ya karibuni, na walikula nini? Swali hilo halina gharama. Majibu yakirundikana upande mmoja wa kata, hiyo ni sababu tosha ya kupima mahindi ya kata hiyo kabla hospitali hazijajaa.

Pili, kaunti zinazolima mahindi katika maeneo makavu zinafaa kuwafikishia wakulima Aflasafe, dawa inayotawanya shambani ukungu usio na sumu ili uuzidi nguvu ule wenye sumu. Imesajiliwa humu nchini na hutengenezwa Katumani, Machakos, katika eneo lile lile lililozika watu mwaka wa 2004.

Tatu, mahindi yanayotangazwa kuwa hayafai kwa watu yasiachwe kupotelea katika biashara ya chakula cha mifugo. Ng'ombe aliyelishwa aflatoksini huitoa sehemu yake katika maziwa, na maziwa hayo ndiyo chai ya asubuhi na uji wa mtoto. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeiweka sumu hii katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani vile ambavyo ushahidi wake hauna shaka.

Kwa mwananchi, hatua ni rahisi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, wala si juu ya udongo. Yasihifadhiwe kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Asiye na mashine ya kupimia atie punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu, atikise, kisha aiache kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Yaliyoota ukungu yazikwe au yachomwe. Asipewe mbwa, kuku wala ng'ombe. Njugu karanga zilizokunjamana na kubadilika rangi zichukuliwe vivyo hivyo.

Mbwa akikataa ugali ambao jana aliupokea kwa furaha, mwenyewe asimchape wala kumwita mwenye maringo. Ausimamishe unga huo kwa mbwa na kwa watu, aweke kikombe kimoja cha unga kando kwa uchunguzi, na amwite daktari wa mifugo. Akifa, asitupwe kichakani kimyakimya.

Basi anayeuliza kama mbwa wake anaweza kula embe ajibiwe kwamba anaweza, bila kokwa. Ajibiwe vilevile kwamba mbwa anaweza kula ugali, kwa sharti moja tu: uwe ugali ambao mwenyewe angekubali kuula pamoja na wanawe. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwaka wa 1977 mawingu yalitanda kwa mbwa wa Nairobi, Mombasa na Eldoret. Tulichelewa kuanua, na mvua iliyonyesha Machakos, Kitui na Makueni haikubagua mbwa na mtu.